Kabla ya Makofi Matatu

Programu ile niliiandika mwenyewe, nikaringa nayo kupita kiasi. Manesi wa visiwani waliomba dawa kwa mstari mmoja wa maandishi. Sehemu ya kwanza ya programu iliukata mstari kuwa maneno, ya pili ikakagua mpangilio wake. Ukikosea, unajibiwa KOSA, basi. Sina subira na watu wa ovyoovyo.

Ijumaa asubuhi, siku ya pili ya programu hiyo kazini, Litiana, nesi wa Ono, kisiwa nilikozaliwa, aliniita kwa redio hapa Suva, mji mkuu wa Fiji.

"Apakuki, mashine yako imenikatalia mara tano. Naomba insulini, na bohari haitoi dawa bila maandishi. Meli inaondoka saa tisa, nyingine ni baada ya wiki tatu. Mgonjwa mwenyewe hawezi kungoja, ni—"

"Dada, we andika vizuri tu, itapokea."

"Nimeandika vizuri. Hebu nisikilize, huyu mgonjwa—"

"Ngoja nitazame," nikamkata tena.

Nikatazama yaliyofika. OMBA INSU. KOSA. LINI 10. KOSA. Setilaiti ilikuwa ikileta mstari vipandevipande, na programu ilidhani kila kipande ni mstari mzima. Nilipoijaribu hapa ofisini mistari yote ilifika mizima, nikaridhika. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

"Dada, kosa ni langu," nikamwambia. "Inajibu kabla hujamaliza."

"Kama wewe mwenyewe. Kwenu kikaoni mtu wa pili hujaziwa kikombe cha yaqona kabla aliyekunywa hajapiga makofi matatu?"

Nilistahili. Nikaandika upya: vipande viungwe kwanza, lisikatwe wala kukaguliwa neno lolote mpaka ifike alama ya mwisho wa mstari. Saa saba na nusu nikamwambia atume.

OMBA INSULINI 10 ONO, kikaja kipande cha kwanza. Kimya. Programu ikangoja, nami nikangoja. MGONJWA SALO. Kimya tena. TE RAVULA MIAKA 61. Alama ya mwisho. IMEPOKELEWA.

Salote Ravula ni mama yangu.

"Nilitaka kukwambia tangu asubuhi, mdogo wangu," Litiana akasema redioni. "Alianguka jana shambani, ndipo tukapima sukari."

Nilikuwa na maswali mia. Niliyameza yote, nikamwacha aseme mpaka mwisho.