Lenzi Isiyokuwemo

Hasira za Bi Pindo hazikuwa na breki, na mtaa mzima ulilijua hilo. Jina alipewa na wateja wake kwa sababu ya pindo anazoshona, ambazo hata uvae miwani huoni uzi ulikopita. Kazi ya subira ile, jamani. Ila subira yenyewe aliiacha kwenye cherehani kila alipoinuka.

Siku hiyo aliinuka vibaya. Simu iliita saa tatu asubuhi, mteja kasimama mbele yake anapimwa mabega.

"Mama, njoo shuleni sasa hivi," mwalimu wa fizikia alisema. "Binti yako amefanya udanganyifu."

Udanganyifu! Alimwacha mteja palepale na chaki mgongoni. Njia nzima anaongea peke yake kama kichaa. Yeye, aliyemlea mtoto bila msaada wa mtu, ambaye hajawahi kubakiza hata kipande cha kitambaa cha mteja, leo anaitwa kwa ajili ya mtoto mdanganyifu? Alifika ofisini kwa mwalimu mkuu akiwa amefura.

Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alikuwa nyuma ya meza yake. Mwalimu wa fizikia alisimama dirishani, tai shingoni. Binti alijibanza kando ya kabati, macho mekundu. Mezani kulikuwa na boksi la viatu lililopakwa rangi nyeusi. Upande mmoja lilibandikwa kipande cha foili chenye kitundu katikati, upande wa pili karatasi nyembamba, ile ya Bi Pindo ya kuchorea mitindo.

"Niliwaagiza watengeneze kamera ya tundu nyumbani," mwalimu wa fizikia alieleza, "waone wenyewe mwanga unavyosafiri. Boksi, tundu, karatasi ya kuonea picha, basi. Darasa zima picha zao zina ukungu. Hata yangu mimi ina ukungu! Ya huyu unaona mpaka majani ya mti. Haiwezekani. Kaficha lenzi humo ndani."

"Na orodha ya mchepuo wa sayansi inabandikwa leo saa sita," mwalimu mkuu aliongeza. "Aliyedanganya hawezi kuwemo, mama. Samahani."

Roho ilimpaa Bi Pindo. Tangu mtoto yuko darasa la nne ni wimbo mmoja tu: atakuwa daktari wa macho. Hiyo sayansi ndiyo mtoto alikuwa anaiamkia alfajiri.

"Mama," binti alianza, "lile tundu nili—"

"Nyamaza! Unanivua nguo mbele za watu!"

Akalivamia boksi. Alilipasua kwa mikono yake miwili, raa! Akachana pembe, akakunjua kila kikunjo, foili ikafinyangika kiganjani. Binti alipiga ukelele mmoja mfupi. Bi Pindo alitafuta mpaka chini ya meza.

Lenzi hakuna. Hakuna hata kigae.

"Labda ameshaitoa," mwalimu wa fizikia alisema.

"Labda?" Bi Pindo aligeuka polepole. "Umeniita hapa kwa labda? Nimeharibu kazi ya mwanangu kwa labda yako?"

Damu ilikuwa inamchemka, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Mjinga mkubwa wee! Ushahidi pekee wa mtoto umeuchana kwa mikono yako! Lakini kusema hivyo mbele ya yule bwana, thubutu. Aliinyoosha foili kwenye goti, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Tundu lilikuwa limechanika ukingoni, ila mduara wake aliutambua. Yeye na sindano wanajuana.

"Hili ni tundu la sindano yangu ya kushonea shanga," alisema. "Mwalimu, ya kwako ulitoboa na nini?"

"Msumari. Sote tulitumia msumari."

"Msumari!" Bi Pindo alicheka kicheko kibaya. "Umetoboa dirisha, halafu unamwita mwanangu mwizi! Mwalimu mkuu, nipe boksi. Lolote."

Alichomoa sindano hiyo kwenye ukosi wa gauni lake. Mwalimu mkuu alimwaga chaki mezani, akatoa boksi lake. Foili waliikata kwenye pakiti ya kahawa. Bi Pindo alishika sindano, akasita. Hakujua pa kuanzia. Ilibidi amsogezee mtoto kila kitu.

Binti alifanya kazi bila kumtazama mtu. Hakukosea. Aliizungusha sindano taratibu mpaka ncha ikachomoza tu, akairudisha. Karatasi iliyosalimika aliibandika nyuma, akaziba nyufa kwa utepe mweusi alioubandua kwenye boksi lililopasuliwa.

Mwalimu mkuu alijifunika mtandio, akalielekeza boksi uwanjani.

"Mama wee! Watoto wanatembea kichwa chini! Namuona mpaka anayefunga kamba za viatu!"

Mwalimu wa fizikia alichukua zamu yake. Alikaa ndani ya mtandio muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka hakuwa na pa kuweka uso.

"Ni safi," alikiri. "Tundu dogo, picha kali. Nilipaswa kujua. Samahani, mama."

"Mimi nimetengeneza kamera?" Bi Pindo alifoka. "Muombe aliyetengeneza!"

Mwalimu wa fizikia akamgeukia binti. "Samahani sana, binti. Nilikushuku bila kukuuliza."

Mwalimu mkuu alichukua kalamu, akaandika jina la binti kwenye orodha, hapohapo.

Nje, Bi Pindo alikuwa bado anawaka. Alitembea na binti yake kwenye korido kuelekea darasani, maneno yanamtoka kama cherehani ya umeme. Atanijua yule! Na tai yake! Msumari, eti! Mpaka alipogundua anaongea peke yake. Binti alikuwa hatua mbili mbele, ameikumbatia kamera kifuani, upande wa mbali na mama yake.

"We mtoto, mbona umeninunia? Sayansi si umeipata? Mwalimu si ameomba radhi?"

Binti alisimama mlangoni mwa darasa.

"Yeye ameomba," alisema, akaingia.