Mwanafunzi Aliyemzidi Fundi Umri

Fundi wa majokofu alikuwa amemtarajia kijana. Barua ya chuo ilisema tu kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho angekuja kwake kwa miezi mitatu, chini ya mpango wa serikali wa kuwapeleka wanachuo kwa waajiri binafsi wakajifunze kazi kwa mikono. Posho yake, nusu ingetoka serikalini, nusu kwa fundi. Jumatatu asubuhi fundi aliinua kichwa kutoka nyuma ya jokofu lililofunguliwa mgongo, akamwona mwanamke wa makamo amesimama mlangoni, ovaroli yake mpya bado ina mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, mama. Umeleta jokofu?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe. Mimi ndiye mwanafunzi wako."

Fundi alikuwa na miaka ishirini na tisa; mama huyu arobaini na saba, rika moja na mama yake mzazi. Angemwambiaje apige magoti kwenye sakafu yenye mafuta? Akamfutia kiti, akamweka karibu na simu. Mama aliposhika ufagio, fundi alimnyang'anya. Alipoinama kuangalia kompresa, aliambiwa, "Pumzika, mama, utachafuka."

Ijumaa alileta daftari la mafunzo ambalo mwajiri hulitia saini kila wiki. Kurasa tano zilikuwa na sentensi moja moja. "Leo nimepokea simu tisa." "Leo nimepokea simu sita."

"Mama, andika umechomelea mabomba. Nitasaini tu."

"Nikiandika nimechomelea, siku nitakapoitwa kazini nitachomelea kwa kalamu?"

Hakusema kwa hasira. Alisema huku akifunga daftari, kisha akaaga vizuri. Wiki ya pili ikaenda vilevile, na fundi akasaini simu nyingine thelathini.

Jumapili alimsimulia mama yake, akidhani atasifiwa kwa adabu. Mama yake aliendelea kukunja nguo.

"Heshima ya kumnyima mtu alichokifuata ni heshima gani hiyo? Mwenzio amejitoa nyumbani, ameketi darasani na watoto wa kuwazaa, nawe unampa kiti."

Maneno hayo yalimkaa. Jumatatu fundi alikiondoa kile kiti, akamkabidhi mwanafunzi wake mtungi wa gesi, miwani na vipande vya bomba la shaba. Kiungo cha kwanza mama alikiunguza, cha pili kikatoboka, cha tatu kikawa na nundu kama goti la ng'ombe. Cheko likawatoka wote wawili. Kufikia Ijumaa alikuwa amechomelea viungo arobaini na kimoja, na vibaya vyote alivipanga mezani akavikagua kimoja kimoja, akitafuta moto ulipozidi.

Ndipo fundi alipomuuliza kilichompeleka chuoni. Alikuwa akiuza barafu na juisi, alisema, na jokofu lake lilipokufa mara ya tatu alichoka kusimama nyuma ya mafundi akitazama visigino vyao.

Mwezi wa pili waliitwa kwa muuza maziwa. Jokofu lake kubwa lilikuwa limeacha kugandisha. Gesi ilikuwa ikivuja mahali. Fundi alilala chini akipekua mabomba ya mbele, muuza maziwa amemsimamia, uso umekunjamana. Mama alikuwa nyuma, akipaka povu la sabuni kila kiungo, taratibu, bila kuruka hata kimoja.

"Fundi," aliita kwa sauti ya chini, "njoo unishikie tochi."

Fundi alizunguka. Povu kwenye kiungo cha pembeni lilikuwa likitoa vipovu vidogo, kimoja kinapasuka, kingine kinazaliwa. Alikitambua kiungo kile. Alikichomelea mwenyewe mwaka uliopita. Mama naye alikuwa amekitambua, maana mkono wa fundi wake alishaujua, lakini alifuta povu tu, akauliza, "Tukifungue?"

Mama angeweza kulitaja kosa hilo mbele ya mteja, lakini hakulitaja. Fundi aliona haya kuficha mbele ya mtu kama huyo. Akamgeukia muuza maziwa.

"Kosa ni langu la mwaka jana. Kazi ya leo hulipi. Na atakayechomelea ni huyu mama."

Akachomelea. Walipopaka povu tena, hakikutoka kipovu hata kimoja.

Afisa wa mpango alikuja kukagua mwishoni mwa mwezi wa tatu. Alifungua daftari, akakuna kidevu.

"Wiki mbili za kwanza ni simu tupu."

Mama alifungua mdomo, fundi akamtangulia. "Nilimwonea haya, nikamnyima kazi. Yeye aliandika kweli."

"Basi hizo wiki mbili atazifidia, kama utamkubali."

"Hata mwezi."

"Mbili zinatosha," mama alisema. "Nina mtihani."

Siku ya mtihani simu ya fundi iliita akiwa kwa kinyozi mmoja, amejibana kati ya ukuta na jokofu la vinywaji. Ni mama, akipiga kutoka chuoni: kiungo chake kilikuwa kimejazwa hewa yenye shinikizo tangu asubuhi, na saa nane mchana mshale wa kipimo ulikuwa haujashuka hata unywele, hakuna kilichovuja. Fundi aliweka bisibisi chini, akakaa palepale vumbini akitabasamu.

"Habari njema?" kinyozi aliuliza.

"Mwanafunzi wangu amefaulu."

"Kijana mwenyewe ana miaka mingapi?"

"Ananizidi kumi na minane," fundi alisema. "Mwezi ujao anaanza kazi kwangu, si mwanafunzi tena."