Makofi kwa Lydia Sumari

Tangu kipindi cha kwanza Lydia Sumari alikuwa ameubana mkoba wake katikati ya miguu, na Blessing, aliyebanana naye dawati moja, alishachoka kumwambia ausogeze. Chini ya madaftari mlikuwa na chupa ya dawa ya kupulizia nyanya. Mama yake alikuwa aipeleke Jumamosi kwa bibi, kijijini Kikwe, kwa ajili ya shamba lake. Baba naye alikuwa amepunguzwa kazini baada ya kiwanda chao kuuzwa, na sasa alikuwa akishinda chumbani peke yake, amekaa tu kitandani. Juzi Lydia alimkuta ameishika chupa ile, anayasoma maandishi yake ya onyo la sumu polepole. Hakumwambia mtu. Asubuhi, mama alipokwisha kwenda kuuza mitumba sokoni Kwa Mrombo, aliitia mkobani akaja nayo shule.

Siku hiyo kidato cha pili kilipata mgeni, mtafiti aitwaye Kandida, aliyewagawia karatasi za kupima wasiwasi wa vijana.

"Huu si mtihani," alisema. "Jina msiandike, kila mtu nimempa namba yake. Mwenye hofu nyingi nitamwita faragha tuongee, tuone atasaidiwaje."

Lydia alimwamini. Alikuwa anangoja kuulizwa, na hatimaye kuna mtu ameuliza. Sentensi moja ilisema: Nikiwa shuleni nawaza kwamba mzazi wangu atapatwa na jambo baya. Si kweli, sifuri. Mara nyingine, moja. Kweli, mbili. Alipiga tiki penye mbili nusura atoboe karatasi. Usingizi, tumbo, moyo kwenda mbio, kote akaweka mbili.

Walipomaliza kujaza, mgeni akaitwa chai kwa mkuu wa shule. Akabaki Mwalimu Ndesanjo, mtu mwema tu, ila wenzake wawili walishaacha chaki wakakimbilia biashara, na madarasa yao akarithishwa yeye. Siku hizi wanafunzi walisahihishana wenyewe. Alipoona namba kwenye karatasi, alidhani ni alama za mtihani.

"Badilishaneni," akasema. "Jumlisheni, tumpunguzie mgeni kazi."

Karatasi ya Lydia ikaenda kwa Blessing. Blessing alijumlisha huku midomo ikichezacheza, halafu akasita katikati ya ukurasa.

"Kwani kwenu kuna nini?" alinong'ona.

Lydia aliuinamia mkoba. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nani kazidi hamsini?" mwalimu akauliza.

Blessing alinyoosha kidole kwa mazoea, kama alivyofanya siku zote jirani yake alipofaulu. "Lydia, mwalimu. Hamsini na nane."

"Safi. Simama, Lydia. Mpigieni makofi ya kilo."

Wakampigia. Lydia alisimama, uso unamuwaka, mkoba kaubana kwa magoti. Nyuma waliokwisha kuelewa walikuwa wanacheka chini kwa chini. "Bingwa wa woga," mmoja akasema.

Kandida aliporudi alishika kichwa. "Mwalimu, hizi zimeharibika."

"Si tumekujumlishia?" mwalimu akasema, kwa ukarimu kabisa.

Zikagawiwa karatasi nyingine. Safari hii darasa zima lilikuwa limeerevuka, hakuna aliyetaka makofi. Lydia alipiga tiki kwenye sifuri toka juu mpaka chini. Alipoifikia sentensi ya mzazi kalamu ilisita, lakini Blessing alikuwa anachungulia. Akaweka sifuri.

Kandida aliipokea, akaitazama.

"Huna hofu yoyote? Hata ya nyumbani?"

Lydia alifungua mdomo amwambie. Akawasikia walioko nyuma wamenyamaza, wanangoja.

"Nyumbani wazima, madam."

Kandida alimwangalia tena kidogo. Nje dereva wa wafadhili wa utafiti alikuwa anapiga honi, na kulikuwa na shule nyingine ya kwenda kabla ya saa nane. Akaichanganya karatasi ile na nyingine, akaaga. Hakuitwa mtu faragha.

Jioni Lydia alimkuta baba yake palepale kitandani, amevaa viatu kama anayetaka kutoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lydia, ile dawa ya nyanya hujaiona?"

"Sijaiona, baba."

Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akaupakata mkoba.