Neno la Mzungu wa Maji

Mimi ndiye niliyekata migomba ya baba, ingawa panga lilikuwa mkononi mwa mama.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, alikuja kijijini kwetu Gare mzungu wa mradi wa maji, mrefu, mpole, viatu tope tupu. Kiswahili hana. Nani atafsiri? Si mimi Rahabu wa darasa la nane, kichwa kimevimba kwa sifa! Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka shambani, sauti zetu zikawa kama za watu wa ndotoni. Akanyoosha kidole kwenye migomba yetu, pale tulipomzika baba. Akasema, "I suggest," kisha nikasikia tangi la maji, kisha pale.

Hilo "suggest" sikulijua. Niseme sijui, mbele ya kijiji kizima? Thubutu! Nikasema, "Ameamuru tangi lijengwe pale."

Hakuna aliyeshangaa. Tangu enzi za mkoloni na matuta yake ya kulazimishwa mashambani, mgeni wa serikali akifungua kinywa ni amri. Mama yangu, Dorkasi, aliwahi kulala rumande siku tatu kwa kukataa kuchimba matuta. Akaitikia, "Haya," akarudi nyumbani.

Sikulala vizuri. Alfajiri nikaenda kwa mwalimu Nikodemo kumuuliza lile neno.

"Ni kutoa wazo lako," akasema, "halafu unangoja mwenzako naye aseme lake."

"Akikataa je, mwalimu?"

"Si amekataa? Yameisha."

Mungu wangu! Nilikimbia, ukungu ukinifungukia mbele na kujifunga nyuma, njia nzima simwoni mtu. Nikamkuta mama ameketi kaburini. Migomba saba aliyoipanda baba imelala chini, maji yake yanachuruzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimewahi, wasije wakanifunga tena."

Nikapiga magoti. "Mama, hakuamuru. Alitoa wazo tu, alikuwa anangoja useme. Neno sikulijua, nikaona aibu."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alinishika mkono tukateremka kijitoni, mzungu alikokuwa anapima.

"Mwambie hapana," mama akasema. "Pale amelala mume wangu."

Nikatafsiri. Mzungu akavua kofia, akampa mama pole. Kisha akafungua daftari, akachukua raba, akafuta mstari mmoja. Akapuliza vumbi la raba, akachora tangi mahali pengine.

Mama aliitazama ile raba kwa muda mrefu.

"Ndiyo hivyo tu?" akaniuliza, akaanza kulia.