Pumzi Iliyobaki Ndani ya Drili

Alhamisi baada ya swala ya alasiri, Bi Yamna alitandaza gunia sebuleni, akaweka juu yake sinia ya kukandia unga, kisha akaikokota drili kutoka pembeni, ikiwa imelala juu ya ngozi ya kondoo wa sikukuu. Mumewe, Kaddour, hakuweza tena kuinyanyua. Alikuwa amechimba makaa ya mawe maisha yake yote, na vumbi alilovuta huko chini lilikuwa limeganda kifuani mwake, hata kufunga kamba za viatu kulimchosha kama kupanda mlima. Mikono yake tu ndiyo ilikuwa mizima. Aliifungua drili kipande kwa kipande, akaviosha vipande kwa mafuta ya taa, akavikausha kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi. Aliiinua pistoni kwenye mwanga wa dirisha, akaipitishia kidole polepole kutafuta mkwaruzo.

"Kesho mkate utanuka mafuta ya taa tena," alisema Bi Yamna.

"Wiki iliyopita ulinuka?"

"Ulinuka. Ulikula vipande vinne."

Kaddour alidondosha matone machache ya oili mdomoni mwa drili, pale upepo unapoingilia, akaanza kuirudisha pamoja.

Ilikuwa drili ya upepo ya kushika kwa mikono miwili, ile ya kutobolea mwamba. Mgodi wa Hassi Lakhal ulipofungwa, alitoka nayo begani, na mlinzi akamfungulia geti. Mdomoni mwa drili kilibaki kipande kifupi cha mpira chenye koki ya shaba. Ubavuni palikuwa na tundu jingine, la maji. Zamani maji yaliingia hapo yakateremka hadi kwenye ncha, na vumbi likatoka kama uji. Wakubwa wa mgodi waliona maji yanachelewesha kazi. Wakaamuru kila drili izibwe tundu lake kwa kizibo cha shaba, na kuanzia hapo wanaume walitoboa mwamba mkavu.

Drili ilianza kupumua msimu wa baridi ule madaktari walipoiinua picha ya kifua cha Kaddour dirishani, siku yenye mawingu, wakaandika kwamba ni mzima. Alirudi nyumbani, akaketi chini ukutani, akashindwa kupata pumzi hata ya kuomba maji. Pale pembeni, drili ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote, ikavuta hewa kupitia kile kipande cha mpira, ikaitoa taratibu kwenye tundu lake la kutolea upepo. Ikavuta tena. Kaddour akavuta hewa iliyotoka. Bi Yamna aliisogeza drili karibu naye, kisha akaenda jikoni kupunguza moto, maana supu ilikuwa inafurika.

Tangu hapo ilipumua kila jioni. Wiki za kwanza ilitoa vumbi la kijivu, na Bi Yamna akawa anafagia mara mbili. Baadaye zikaanza kutoka pumzi safi, na kila pumzi ilikuwa na harufu ya siku yake. Moja ilinuka chungwa. Moja ilinuka theluji ya mwaka ule barabara ya kaskazini ilipofungwa. Moja ilikuwa na wimbo ndani yake, usio na maneno, na Kaddour akaukumbuka: aliuimba shimoni asubuhi ya kuzaliwa kwa Mimoun, mwanawe, huku drili ikinguruma, na hakuna aliyemsikia. Drili ilikuwa imechukua kila pumzi aliyoipoteza juu yake, ikaitunza. Sasa ilikuwa inairudisha.

Habari zilienea bila kelele. Wanaume wengine wenye mawe vifuani walianza kuja magharibi ilipokaribia. Walivua viatu mlangoni, wakaketi ukutani na mikono magotini, kama watu wanaongoja swala. Hawakuzungumza. Hewa ile ilipowafikia usoni walifumba macho, na wengine machozi yaliwatoka nao wakayaacha yatoke. Bouziane, aliyekuwa mwenzake Kaddour kwenye drili ile ile, peke yake ndiye aliyekuwa akivunja ukimya.

"Hiyo ni yangu," alisema jioni moja. "Dagaa wa kopo na kitunguu. Naijua."

"Kumbe ni wewe," alisema Kaddour. "Siku nzima nilidhani kuna panya amekufa kwenye mbao za shimo."

"Nirudishie basi, kama inakunukia."

"Chukua. Sogea. Hata panya wako mchukue."

Bouziane akasogea, akaivuta pumzi yake ya zamani hadi mwisho. "Nilikuwa na nguvu mimi," alisema kwa sauti ndogo.

Mimoun alikuwa mtu mzima mwenye mke aliyerudi kwao kungojea maisha yatengemae. Kama wenzake wote, alichimba makaa kwenye mashimo ya kujichimbia kule vilimani, kwa nyundo na patasi. Makaa yote yalinunuliwa na Hajji Abdenbi, ambaye mwaka ule alileta kompresa, mashine ya kusukuma upepo kwenye drili, juu ya trela. Kompresa alikuwa nayo, drili hakuwa nayo. Nyingine zote za Hassi Lakhal zilikwishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma.

"Nitaichukua asubuhi, Baba, na kuirudisha alasiri," alisema Mimoun. "Jioni itakuwa hapo hapo ilipo."

"Na maji?"

"Hajji ameahidi. Punda wawili, madumu yamejaa."

Kaddour alilipapasa tundu la maji lililozibwa. Aliomba spana. Kile kizibo cha shaba kilikuwa kimeshikana na chuma, na kukifungua kulimchukua tangu adhuhuri hadi alasiri, akipumzika kila robo mzunguko. Kilipotoka alikitia mfukoni mwake. Kisha akamfundisha mwanawe, naye Mimoun alichuchumaa mbele yake akisikiliza, kwa kuwa baba yake hakuwa na pumzi ya kusema jambo mara mbili.

"Kabla ya kuunga, puliza mpira kwanza. Uelekeze mbali na watu. Utatoa maji na mchanga uliolala ndani. Kisha oili. Ukiona barafu kwenye tundu la upepo, simama, kuna unyevu kwenye mpira. Kila kiungo kifunge kwa mnyororo. Mpira ukichomoka na upepo ndani yake, utampiga mtu kama fahali."

"Ndiyo, Baba."

"Mikono ya shati, funga vifungo. Shingoni usivae kitambaa. Usiiegemeze tumboni hata ukichoka."

"Na kuizima?"

"Hapo ndipo wengi hukosea. Wanafunga koki halafu wanachomoa. Koki ikifungwa, pumzi bado imo ndani. Funga koki, halafu bonyeza mkono wa drili, iache iteme yote iliyobaki. Ikinyamaza kabisa, ndipo uiachie."

Kule kilimani Mimoun alifanya yote aliyofundishwa. Alipuliza mpira, akafunga minyororo, akatia oili. Madumu ya maji nayo yalikuja, kama Hajji alivyoahidi. Lakini upepo wa kilima kile hukata masikio, na wanaume walikuwa wamekaa shimoni tangu alfajiri. Mmoja alisema birika moja halitapunguza kitu. Wakachemsha chai, wakatia shiba, yale majani machungu ya msimu wa baridi, na sukari nyingi. Baada ya birika la kwanza likaja la pili, na dumu lililobaki punda wakanywa. Hajji Abdenbi alipopita, walimpa glasi.

"Chai ya kifalme hii," alisema. "Na drili?"

"Inatoboa, Hajji."

"Basi mnataka nini zaidi?"

Siku ya pili hakuna aliyesema kitu kuhusu birika. Maji yakawa ya chai, na mwamba ukatobolewa mkavu.

Jioni ya kwanza, drili ilipowekwa kwenye ngozi yake na kuanza kupumua, Kaddour alishtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa begani. Pumzi iliyomfikia ilikuwa na nguvu na joto, na ilishuka kifuani mwake hadi mahali ambapo hewa haikuwa imefika kwa miaka. Alisimama bila kushika ukuta. Alitembea hadi mlangoni, akatazama barabara na jua lililokuwa likishuka nyuma ya kilima cheusi cha mabaki ya mgodi, na kila kitu kilionekana kimeoshwa. Bi Yamna alisimama na sahani mkononi, akamtazama mumewe amesimama.

"Kaa ule," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

Usingizi wa Kaddour ulikuwa mzuri kuliko alivyoweza kukumbuka. Ilikuwa hivyo kwa jioni kadhaa. Kisha akaanza kuisikiliza pumzi ile kwa makini, kama alivyoichunguza pistoni. Ilikuwa na shiba na sukari. Nyuma ya sukari palikuwa na ladha aliyoifahamu kuliko jina lake, ya jiwe kavu lililosagwa, inayobaki nyuma ya meno.

Mimoun alikuwa anakula.

"Maji yanatosha huko?" aliuliza Kaddour.

"Yanatosha, Baba."

"Chai yenu ni nzuri."

Mimoun aliacha kutafuna. Bi Yamna alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Kuna baridi kule juu," alisema Mimoun.

"Najua. Kesho usiende."

"Na kesho kutwa, Baba?"

Kaddour alifungua kinywa. Alikuwa na pumzi ya kutosha kujibu. Pumzi yenyewe ilikuwa ya Mimoun.

Alimwomba mkewe aigeuze drili, tundu lake lielekee godoro la Mimoun, ili kila mtu apate kilicho chake. Bi Yamna aliigeuza. Drili ilitulia kidogo, kisha ikasota juu ya ngozi ya kondoo, polepole, ikazunguka hadi ikamtazama tena Kaddour. Waliigeuza mara nyingine nayo ikarudi. Ilimwendea aliyekuwa na pumzi kidogo zaidi, na katika chumba kile mtu huyo alijulikana.

"Ina kichwa kigumu," alisema Bi Yamna.

"Inafanya kazi yake," alisema Kaddour.

Alhamisi aliifungua na kuiosha kama kawaida. Alichelewa zaidi kwenye springi, akabadilisha moja. Alikifunga kipande cha mpira na kukikaza. Wanaume walipokuja jioni aliwasalimu mmoja mmoja kwa jina, jambo ambalo kwa kawaida hakuwa na hewa ya kulifanya. Kisha akamwambia mkewe afungue dirisha na mlango.

"Baridi," alisema Bouziane.

"Vumilia."

Kaddour alishika koki ya shaba, akaifunga. Drili ikaacha kuvuta. Mimoun, aliyekuwa amesimama mlangoni, alielewa kabla ya wengine. "Baba, iache," alisema. "Mimi ninazo nyingi."

"Mimi pia nilikuwa nazo nyingi," alisema Kaddour, akabonyeza mkono wa drili.

Ikatoka yote iliyobaki. Haikutoka kwa kishindo. Ilitoka kama wimbi refu, na mapazia yakainuka, na kurasa za kalenda ukutani zikafunguka zenyewe. Chumba kikajaa mkate wa moto, machungwa, udongo wa mvua ya kwanza, sabuni ya hamamu, maziwa ya mtoto aliyezaliwa asubuhi. Pumzi za wanaume waliokwishazikwa zilipita katikati ya walioketi, na kila mmoja akamjua rafiki yake alipopita. Hewa ikatoka mlangoni, ikateremka barabara ya nyumba za wachimbaji. Kule nje wazee walikuwa wameketi kwenye vizingiti vyao, mabega yamepanda hadi masikioni kama ilivyo kwa wagonjwa wote wa kifua. Mabega yao yakashuka. Walisimama, mlango hadi mlango, wakavuta hewa hadi ikajaa, na kwa muda huo Hassi Lakhal yote haikuwa na mtu hata mmoja aliyekohoa. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba punda waliinua vichwa.

Drili iliponyamaza kabisa, Kaddour aliuachia mkono wake. Alikuwa ametulia. Bi Yamna alimfumba macho, akamwomba Bouziane afunge dirisha.

Waliomwosha walikikuta kizibo cha shaba mfukoni mwa koti lake, wakampa Mimoun. Naye hakujua akiweke wapi, akakitia mfukoni mwake.

Siku ya tatu watu walikula kuskusi ya matanga, na Hajji Abdenbi akatuma gunia la sukari. Siku ya nne Mimoun aliibeba drili begani, akapanda kilimani. Alipuliza mpira akiuelekeza mbali na watu, akafunga minyororo, akatia oili, akafunga vifungo vya mikono ya shati. Wenzake walimpa pole na glasi ya kwanza. Maji yalikuwa yamekuja na punda wawili, na kwa heshima ya marehemu chai ilitiwa shiba mara mbili. Kisha wakashuka, wakatoboa. Jioni alifunga koki, akaiacha drili iteme yote, akaichomoa.

Bi Yamna aliilaza kwenye ngozi ya kondoo, pembeni, tundu likielekea ukutani, kwa kuwa hapakuwa na mtu tena wa kuhitaji. Alimpa mwanawe supu. Mimoun alikohoa kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema.

Drili ikavuta hewa. Ikasota juu ya ngozi, polepole, ikauacha ukuta, ikampita Bi Yamna, ikasimama mbele ya Mimoun.

Bi Yamna aliitazama. Kisha akalivuta godoro la mwanawe, akalisogeza karibu nayo.