Feruzi Anamurudisha Bibi kwa Phonie

Zabibu alirudia kwa baba yake, kule Shabunda, juu bwana yake, Feruzi, alikuwa anasema tu, hasikilizi. Feruzi akaenda kwa phonie ya mufanyabiashara mumoja wa Kadutu, ile radio ya kuongea na watu wa mbali, kusudi amurudishe. Kule Shabunda wakamuita Zabibu kwa mashine.

Feruzi akafinya kifungo, akaanza kuhutubia kama komiseri: nyumba iko chafu, mbuzi inalia, rudia mara moja! Akaongea mpaka mate ikamukauka, kidole ikiwa bado kwa kifungo.

“Anakataa kujibu,” akalalamika.

“Papa, ukifinya, ni weye tu unasikika,” operateri akamwambia. “Maliza na ‘à vous’, ni kusema ‘zamu yako’, halafu achilia, naye aseme.”

Akaachilia. Sauti ya Zabibu ikatokea katikati ya makelele ya radio: “Hata kwa nyumba ni vile vile, ni weye tu unasikika! À vous.”

Vicheko vikatoka Kamituga, vikatoka Mwenga, maana kwa phonie kila mwenye mashine anasikia yote.

“Omba musamaha, tonton!” mutu wa Kamituga akadakia. “Na sisi tuko na kazi! À vous.”

Feruzi akaangalia kile kifungo. Kujishusha mbele ya watu wa Kivu yote! Lakini kulala peke yake kulikuwa kumemuchosha kabisa.

“Zabibu, unisamehe. À vous.”

“Sikusikia. Rudilia. À vous.”

“Sisi tumesikia, maman!” yule wa Kamituga akapaza.

“Basi nyinyi ni mashahidi. Ninakuja na ndege ya Jumamosi. Akianza tena kuhutubia, nitawaita wote kwa phonie hii hii.”