Kiroboto na Jedwali la Saba

Siku mume wangu alipofariki, lifti ilikuwa mbovu kama kawaida, na waombolezaji walifika ghorofa ya tano wakihema zaidi ya kulia. Angekuwepo, angewacheka. Alikuwa fundi bomba, na kila jioni alipanda ngazi zile na begi la spana begani, akimuuliza binti yetu hesabu za kuzidisha. Alimwita Kiroboto kwa jinsi mtoto alivyorukaruka ngazini mbele yake.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita. Baba, unapumua kama bomba lenye hewa."

"Heshima, Kiroboto. Saba mara tisa?"

Wiki ya msiba lifti ikatengenezwa, na wifi yangu akahamia kwetu kunisaidia. Alimhurumia sana mtoto wa kaka yake. Akaenda shuleni kumwombea ruhusa asishiriki michezo, na akitoka darasani anamkalisha mezani na vitabu mpaka usingizi umchukue.

"Mtoto aliyefiwa harukiruki," alisema. "Atulie, asome."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Kiroboto akatulia, na akili nayo ikatulia naye. Mwalimu wake akaniita: jedwali la saba limemtoka lote, na akianguka mtihani wa mwaka atabaki darasa la nne wenzake wakienda la tano.

"Mbona tumemzidishia masomo," nikasema.

"Na kucheza je?"

"Tumempumzisha."

"Mama, mtoto si kabati. Mwili ukikaa bure, kichwa nacho hushika kidogo. Mwacheni akimbie kwanza, kisha asome."

Jioni ile, nikiwa na Kiroboto, nikapita mlango wa lifti kama siuoni.

"Saba mara sita?" nikauliza ghorofa ya kwanza.

Akahesabu kwa vidole, akapotea. Ghorofa ya pili nikauliza tena, akapanda tu. Ya tatu nikakaa kwenye ngazi, nimeshika mbavu.

"Mama," akasema, "baba alikuwa anapanda huku anauliza. Wewe unauliza huku umekaa."

"Nyamaza, mwanangu. Nitakujibu nikipata pumzi."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mazishi.

Wifi alitupokea mlangoni. "Lifti nzima kabisa, nyinyi mnajitesa. Wifi, umekuwa mwekundu kama nyanya."

"Kesho twende wote," nikamwambia.

"Mimi? Magoti haya ni ya kukunja nikikaa tu."

Lakini nilipomweleza maneno ya mwalimu, alikwenda shuleni akaifuta mwenyewe ruhusa ile. Kiroboto akarudi uwanjani, akaanza kurudi nyumbani na vumbi mpaka masikioni, anakula, anashika kitabu kidogo, analala. Mabadiliko hayakuja mara moja. Saba mara sita ilirudi kwanza, kisha nyingine zikafuata moja moja, kama wageni waliochelewa. Siku ya mtihani nilimsindikiza hadi getini, tukirudia jedwali la saba.

Alifaulu. Hakuwa wa kwanza wala wa pili, na wifi alisema walimsahihisha vibaya.

Sasa yuko darasa la tano. Jedwali la kumi na mbili linamsumbua. Leo ana mazoezi ya mbio baada ya masomo, kwa hiyo atachelewa kurudi.